Bati Juu ya Udongo wa Jua

"Hivi wewe Mwasiti, marehemu kakuezekea bati, leo unalivua ukakae chini ya udongo. Unamkomoa nani?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa Tabu, jirani yangu pale Ntumbini, siku mafundi walipopanda kung'oa misumari. Alisimama uani kwake kajishika kiuno, na swali lile hakulitoa kwa ubaya. Huku kwetu Kondoa mtu alikuwa hahesabiwi kuwa ametoka kimaisha mpaka paa lake limete, lionekane kutoka ng'ambo ya korongo. Tembe, ile ya udongo yenye paa bapa la udongo, ilikuwa nyumba ya babu, ya kupigia picha na kucheka. Mume wangu, Mungu amrehemu, alihangaika miaka mpaka akalipata lile bati, na mimi nilikuwa nalishusha mbele za watu.

Nilichojua ni kwamba tangu Siku za Moto zianze kutujia kila mwaka, bati lilikuwa limegeuka kikaango. Kuku wa Tabu walikuwa wanakufa mchana wakiwa wamesimama. Watoto tulikuwa tunawalaza mvunguni, sakafu imemwagiwa maji, na maji yenyewe ya kubembeleza. Joto likizidi, tulizifunga nyumba zetu nzuri kwa kufuli tukaenda kujibanza kwenye mapango ya mlimani, sisi na heshima zetu, kama pimbi.

Ndipo akaja Injinia Tatu. Msichana mwembamba, sauti ya chini, amepakata chungu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani ya chungu mlikuwa na chachu. Alituambia kwamba katika magadi ya yale maziwa ya Bonde la Ufa wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula jua kama sisi tunavyokula ugali, na kwamba yeye na wenzake walikaa navyo miaka chuoni kwao mpaka vikakubali kuishi kwenye udongo mwekundu. Ukikanda udongo huo na majivu na pumba za uwele, ukautandaza juu ya paa la tembe, paa linakunywa jua mchana kutwa. Kuta zinalihifadhi. Pembeni mwa nyumba unapita utepe wa shaba, na kwenye utepe huo unapata taa, jiko, pampu ya maji. Na kwa kuwa joto limeliwa kabla halijaingia, ndani mnakaa kama mko chini ya mti wenye kivuli kizito.

Nilimwuliza hao vijidudu wake wakati wa masika, jua likijificha, wanakula nini.

Akasema, "Uji, mama. Unawanyunyizia uji mwepesi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kitu kinachokunywa uji nitashindwaje kukilea, na mimi nimelea wanane?

Basi nyumba yangu ikawa ya kwanza. Niliikanda kwa mikono hii, nikaanza kwa Bismillahi, nikasiliba ukuta baada ya ukuta mpaka ukang'aa kama chungu kipya. Siku za Moto zilipokuja, Tabu alibisha hodi akiwa na mkeka kwapani. Hakuuliza kitu. Akatandika, akalala. Mwaka uliofuata nilisiliba kwake, na baada ya kwake Ntumbini nzima, na msikiti, na shule. Ukipanda mlimani ukatazama chini huoni hata kipande kimoja kinachometa. Unaona wekundu tu, paa na ardhi kitu kimoja, na jioni wekundu ule unawaka taa. Mtu anayetaka kuniudhi aniambie kwamba ile ni nyumba ya kimaskini.

*

Chachu ina tabia moja ambayo lazima niieleze. Haijui changu na chako. Nyumba zikishaunganishwa kwa shaba chini ya ardhi, kile tunachokiita mshipa, basi iliyoshiba inaimwagia yenye njaa, kama maji yanavyotafuta bonde. Injinia Tatu na wenzake walikataa kuweka mita. Walisema mita ndizo zilizogawa vijiji huko nyuma, mwenye nacho akawasha na asiye nacho akakaa gizani akimtazama.

Lakini fundi anayesiliba anajua. Sisi wasilibaji wakuu tulifundishwa kuusoma ukuta kwa kiganja, ili ukiugua tuutambue mapema. Ukuta unaotoa hukusukuma kidogo, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua. Ukuta unaokula hukushika, hukunyonya. Na ukishazoea unasikia na mengine. Unajua nyumba gani haikuwasha jiko jana na juzi. Unajua chumba gani kilikuwa cha wawili na sasa kina joto la mtu mmoja, na chumba gani kina joto la wawili ilhali mwenye nyumba yuko safarini. Tulipoona hayo tuliogopa. Tukakaa wenyewe, wanawake, tukaapa juu ya chungu cha chachu: mkono uliosiliba ukuta hauutangazi. Tumefundishwa kwamba anayemsitiri mwenzake Mola naye humsitiri. Ukiona jiko la mtu limelala, unapeleka unga, unasema ulizidi kwako. Basi. Wanafunzi wetu tuliwafundisha kukanda na kusiliba, kusoma hatukuwafundisha. Tuliona walio wachache wanatosha kubeba siri za watu.

Na kiapo kile nilikishika vizuri, Ntumbini na kwingineko, mpaka nilipofika Mondomela.

Mondomela ni safari ya siku nzima kwa gari, makorongo matupu. Tulitumwa mimi na Injinia Tatu kuwahamasisha waingie kwenye udongo wa jua. Mkutano wa kwanza walitutazama kama wauza dawa za chawa. Mzee mmoja akasema, kwa heshima zote, kwamba babu yake alikufa kwenye tembe na yeye hana haraka ya kumfuata. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Aliyetuokoa ni Haji Kimolo. Mtu mzima, mnene, mwenye duka na mashine ya alizeti, na neno lake pale kijijini ndilo neno. Akasimama akasema yeye amefika Ntumbini, amelala kwenye nyumba ya Bi Mwasiti, na kwamba tangu Hija hakuwahi kulala usingizi wa namna ile. Akatoa uwanja wake wa bondeni ijengwe zahanati ya udongo. Akavua shati, akaingia kwenye shimo, akakanyaga tope na vijana huku tumbo likimtingishika, na wanawake wakimwimbia nyimbo ambazo Haji hakupaswa kuzisikia. Nampa haki yake. Bila yeye Mondomela isingejengwa.

Na ilijengwa. Kuta ziliinuka zikiwa nene, kona zimenyooka, madirisha mapana yametazama kaskazini na kusini. Mshipa tukauchimba kutoka juu, kwa Haji, ukateremka nyumba kwa nyumba mpaka zahanati kule chini mwisho. Siku taa za zahanati zilipowaka, Nesi Eliwaza, ambaye kwa miaka alikuwa anazalisha akiwa ameng'ata tochi, alitoka nje akakaa kwenye ngazi akalia. Sikumfuata. Nilimwacha alie.

Ndani ya zahanati hiyo alikuwa amelala mtoto wa Sihaba, mama kijana wa pale kijijini. Mtoto njiti, aliyekuja kabla hajaitwa, mdogo kama hua. Sihaba alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyomwelekeza, maana joto mama anaweza kumpa mwanawe. Pumzi hawezi. Pumzi alikuwa anapewa na mashine ndogo pembeni, na mashine inakula umeme bila kupumzika. Kumpeleka mjini kwa njia ile ya makorongo, juani, nesi alisema ni kumuua njiani.

*

Haji alikuwa anamwoza binti yake, Maimuna. Mchumba alikuwa wa mjini, na wageni wangekuja kwa magari. Wiki moja kabla, nikiwa nasiliba nyumba ya upande wa pili wa kijiji, nilisikia nyundo. Nikageuka. Paa la Haji lilikuwa linameta.

Alikuwa ameweka kenchi juu ya paa la udongo na kulifunika lote kwa bati jipya, la rangi ya buluu.

Watu wakawa wanapita kumpa hongera. Wanasimama, wanaangalia juu, wanasema hongera ya bati, Haji. Hakuna aliyeona kosa. Ukiwatazama nyuso unaona ile njaa ya zamani imerudi. Siku ya tatu nikaona mtu mwingine anashusha bati kwenye mkokoteni. Nikamwuliza, akasema Haji anajua anachokifanya, na kwamba jua si ni lile lile, litapenya.

Halipenyi. Paa la udongo likifunikwa halifi, lakini linaacha kunywa jua na linaanza kuomba. Nyumba ya Haji ndiyo kubwa kuliko zote, na ipo kichwani mwa mshipa. Badala ya kutoa, sasa ilikuwa inameza, na zahanati iliyo bondeni, mwisho kabisa, ilibakiwa na makombo.

Jioni hiyo mashine ya pumzi ikaanza kukatika. Nesi Eliwaza akachukua kile kipira cha kuminya, akawa anampa mtoto pumzi kwa mkono. Akichoka anaminya mama mkwe wa Sihaba, Bi Zuena. Taa zikirudi wanapumzika, zikififia wanaanza tena. Asubuhi nilipofika nilimkuta Bi Zuena anatetemeka vidole, hawezi kushika kikombe cha chai. Aliniuliza kama udongo umechoka. Alisema wenzake wameanza kunong'ona kwamba ni kweli, tembe ni tembe tu.

Injinia Tatu alikuwa ameshapita mshipa mzima na kipimo chake. Akaniita pembeni, akanionyesha. Nikamwambia afunike kile kioo chake, sitaki kusoma. Nilikuwa nimepita kwa Haji alfajiri kuomba maji ya kutawadha, nikaegemeza mkono ukutani kuvua kiatu, na ukuta ulikuwa umeninyonya mpaka kwenye kiwiko.

*

Nasaha ya mtu ni faraghani. Nilimfuata Haji barazani kwake baada ya Adhuhuri, tukakaa, yeye kwenye kiti na mimi kwenye mkeka, mlango wazi. Nilianza kwa kumpongeza kwa harusi. Nikauliza hali ya mama yake, Bi Kibibi, ambaye alikuwa hainuki kitandani, amelazwa kwenye chumba cha mashariki kwa ajili ya ubaridi wa ukuta. Akasema hajambo, anauliza kila siku kama bado tuko duniani.

Kisha nikamwambia yote. Sikumficha kitu: paa lake, mshipa, mashine, mtoto, vidole vya Bi Zuena.

Si mtu mbaya Haji. Niliona limemwingia. Akauliza kama hatuwezi kuongeza udongo mahali pengine, nikamwambia hata tukikanda leo, chachu inataka wiki tatu kukomaa. Akauliza kama siwezi kuwapunguzia wengine. Nikamwambia wengine hawana cha kupunguzwa.

"Wageni wanafika Ijumaa," akasema. "Jumapili wakiondoka nalishusha. Naapa."

"Mtoto hana Jumapili, Haji."

"Bi Mwasiti, dada yangu, wewe umevua bati lako ukiwa mjane, nani alikuwa anakuja kuoa kwako? Mimi nina binti. Kuna watu kule mjini wameshasema Maimuna anatoka kichuguuni. Kichuguuni, unasikia? Mama wa kijana kasema hivyo, na maneno yamenifikia. Unataka nimtoe mwanangu kwenye udongo, maisha yake yote wamwite mchwa?"

Lile neno lilinichoma, sitasema uongo. Nilimwambia kwamba kichuguu hicho kina taa na huko mjini wanalala chini ya feni zisizozunguka. Hakucheka. Akarudia kwamba ni Jumapili, akanyanyuka kwenda kuangalia ng'ombe wa karamu.

*

Injinia Tatu alikuwa ananisubiri na koleo la kukatia shaba. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Tunautenga mshipa wa Haji, nyumba yake inabaki peke yake, zahanati inapata haki yake kabla ya Alasiri. Aliongea kwa upole, lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye utepe.

Nikamwuliza chumba cha mashariki kitakuwaje. Alikuwa anajua kuliko mimi. Nyumba ile ikitengwa, kuta zinakauka tumbo, na bati juu yake linageuka kifuniko cha sufuria. Bi Kibibi asingeona kesho. Kumhamishia nyumba nyingine wiki ya harusi, Haji asingekubali. Kumtoa mama yake ni kutangaza kwamba nyumba ina walakini. Injinia akaliweka koleo chini.

Akasema basi nisimame kwenye mkutano niseme. Nikamkumbusha kiapo. Akasema yeye hakuapa, atasema yeye. Nikamwambia ukisema wewe, mwanangu, watasema mgeni wa chuoni kamvunjia Haji heshima, watamtetea Haji, na kufikia Ijumaa kijiji kizima kitakuwa kinameta.

Niliswali Alasiri pale pale kwenye kivuli cha ukuta, na kwenye sijda yangu sikuomba ushindi. Niliomba tu nisije nikaificha aibu ya mtu mmoja kwa uhai wa mwingine, nikaita sitara.

Nilipotoa salamu nilikuwa nimeshajua. Kesho yake asubuhi wanawake walikuwa wanakwenda kusiliba chumba cha mwali, kama tulivyozoea sasa kila harusi. Mimi ndiye ningewaongoza. Nikamwambia Injinia kwamba sitamsema Haji. Nitawafundisha wanawake kuusoma ukuta.

Akauliza, "Wote?"

"Wote watakaokuwepo."

"Wakishajua, mama, hakuna nyumba itakayobaki na siri. Si hapa tu. Watafundishana."

"Najua."

"Na tofauti ya kusema na kufundisha ni ipi?"

Nilimwambia sijui. Pengine haipo, na hilo nitaulizwa mimi, si yeye. Lakini siri zile tulikuwa tumejilimbikizia wachache, na leo uchache wetu ulikuwa unamnyima mtoto pumzi. Wakijua wote, itabidi waape wote. Kama Ntumbini tuliweza kusitiriana, kwa nini Mondomela wasiweze? Au nilikuwa nawaamini tu wale walioniamini mimi?

Nikarudi kwa Haji kabla ya Magharibi, nikamweleza kinachokuja, ili asiseme nilimvizia. Kesho nawafundisha kinamama kusoma ukuta, na darasa litakuwa kwako, maana ndiko tunakosiliba. Una jioni nzima ya kulishusha bati. Haji akacheka, akasema niwafundishe, hata kuroga niwafundishe, ila chumba cha mwanawe king'ae.

Bati lililala juu.

*

Asubuhi tulifika na makarai. Maimuna alikuwa ndani tangu mwezi uliopita, kama mwali anavyowekwa, hajaonwa na jua wala na mwanamume asiye wa kwao. Amekaa kwenye mkeka, hina mpaka kwenye kiwiko, macho makubwa. Alitusalimia mmoja mmoja kwa jina na kwa shikamoo. Kwa Bi Zuena akauliza mtoto, na Bi Zuena akasema tunamshukuru Mungu, bado anavuta.

Waliimba. Tope lilikandwa vizuri, laini kama siagi. Kabla hawajaanza niliwaomba wanyamaze, nikawaambia kwamba kuna elimu moja tuliyokuwa tumewaficha, na kwa nini tuliificha, na kwamba anayetaka kuipokea atoe kiapo kwanza. Nikawaapisha juu ya chungu. Hakuna aliyetoka. Mmoja alinong'ona kwamba akimsoma mume wake ukutani atapona presha, wakacheka, nikawaacha wacheke.

Niliwatoa nje kwanza, kwenye jiko la uani ambalo paa lake halikufunikwa. Weka kiganja. Legeza bega. Subiri. Nikaona nyuso zinabadilika moja baada ya moja. Wanawake waliozikanda kuta hizi kwa mikono yao walikuwa hawajawahi kuzisikia zikiwajibu. Msichana mmoja akasema, "Unapumua." Mama Maimuna, mke wa Haji, alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, anasema kumbe, kumbe. Nakwambia katika maisha yangu nimejivunia vitu vingi, nyumba zangu, watoto wangu, lakini ule ukuta wenye mikono ya wanawake ishirini juu yake sijui kama nitauona tena duniani.

Kisha tukarudi chumbani kwa mwali. Nikawaambia wafanye vile vile.

Waliweka mikono, wakaitoa, wakaitazama, wakairudisha. Bi Zuena aliweka kiganja chake kile kilichochoka kuminya kipira. Akakaa nacho ukutani muda mrefu kuliko wote. Halafu akakitoa, akakifuta kwenye kanga yake polepole, kidole kwa kidole, na hakumtazama mtu.

Mama Maimuna aliangalia juu kwenye dari, akaangalia chini.

Maimuna alikuwa amebaki kwenye mkeka. Akainuka, akachovya mkono kwenye tope kama wenzake, akaubandika ukutani.

"Mama Mwasiti, huu mbona unanivuta?"

"Mkono ni wako, mwanangu. Mimi sisemi."

"Ule wa jikoni mlisema unasukuma."

"Ulisukuma."

Akafikiri. Alikuwa binti wa akili, unaona kabisa fikra zinavyopanda ngazi moja moja. Akamtazama Bi Zuena. Akavitazama vile vidole.

Nyimbo zilivyokatika, Haji aliingiwa na wasiwasi, akaja mpaka mlangoni. Alikohoa kama mwanamume anavyokohoa akikaribia penye wanawake. Wakajitanda. Akasimama kizingitini, akatuona wote tumesimama na matope mikononi, hakuna anayesiliba. Nadhani alielewa hapo hapo. Alinitazama mimi, nami nilimtazama. Sikuwa na furaha ya kumshinda.

"Baba," Maimuna akasema. "Juu ya chumba hiki umeweka nini?"

Haji akashika mwimo wa mlango.

"Nimeweka heshima yako."

Nje, kwa mbali, tuliwasikia mafundi wa yule jirani mwingine wanapanga mabati yao chini, wanahesabu, wanataniana. Mama Maimuna alinyoosha mkono amshike binti yake bega, mkono ukaishia hewani. Mwali hatoki. Hilo kila mmoja pale alilijua. Mwali akionwa juani kabla ya siku yake, ndoa inasemwa, na ya mjini ingesemwa mara mbili. Nilitaka kumwambia asubiri, tutafute mtu, tumwite kijana apande. Lakini mgongo wangu ulikuwa umenyooka wenyewe, na kifua kimenijaa, kama siku ile mafundi waliposhusha bati la kwanza kwangu nikalishika kwa mikono miwili.

Maimuna alijitanda kanga kichwani. Kando ya mlango, mafundi wa baba yake walikuwa wameacha nyundo ya kung'olea misumari. Akaiokota, mkono wa hina na tope, akapita ubavuni mwa baba yake bila kumgusa, akatoka nje juani, mbele ya macho ya kijiji kizima, kulifuata lile bati.